Sanduku la Mchezo Lililomrudisha Martin kwa Mashujaa Wake

Septemba 1983, katika jimbo la New Mexico, Marekani, mwandishi Victor Milán alimpa rafiki yake zawadi ya siku ya kuzaliwa. Lilikuwa sanduku la mchezo liitwalo Superworld, kazi ya mbunifu Steve Perrin wa kampuni ya Chaosium. Ndani mlikuwa na vijitabu vya kanuni, na mchezo wenyewe ulihusu mashujaa wa katuni: watu wanaopaa angani, wanaonyanyua magari, wanaofunika nyuso zao usiku. Aliyepewa zawadi alikuwa ametimiza miaka 35. Jina lake ni George R. R. Martin, ambaye leo dunia nzima inamjua kwa Game of Thrones.

Wakati huo umaarufu ulikuwa bado mbali. Alikuwa mwandishi wa hadithi za kisayansi mwenye tuzo kadhaa, lakini riwaya yake The Armageddon Rag, iliyotoka mwaka uleule, ilidoda sokoni na kumfungia karibu milango yote ya wachapishaji wa riwaya. Mtu wa umri wake, mwenye bili za kulipa, alikuwa na kila sababu ya kuliweka sanduku lile kabatini. Badala yake alilifungua, na kwa takriban miaka miwili halikumwachia.

Kuelewa kilichomshika inabidi turudi Bayonne, mji wa bandari katika jimbo la New Jersey, ambako Martin alizaliwa mwaka 1948. Baba yake alikuwa kuli bandarini. Familia haikuwa na gari, na dunia ya mtoto huyo ilikuwa mitaa michache kati ya nyumbani na shule. Vitabu vya katuni, vilivyouzwa senti 10 na baadaye 12, ndivyo vilivyompa dunia nyingine. Novemba 1963, Fantastic Four toleo la 20 lilichapisha barua ya msomaji kijana kutoka Bayonne akimwaga sifa kwa wahariri. Ilikuwa barua yake. Mwaka uliofuata alihudhuria mkutano wa kwanza wa wapenzi wa katuni mjini New York, kisha akaanza kuandika katika majarida madogo ya mashabiki. Hakujua kuchora, basi aliandika hadithi za mashujaa kwa maneno tu.

Kuna toleo moja ambalo Martin amelitaja tena na tena maishani mwake: The Avengers namba 9, la mwaka 1964. Humo anatokea Wonder Man, mtu aliyetumwa na maadui kwenda kuwasaliti mashujaa wa kundi la Avengers, ambaye mwishoni anakufa akiwaokoa. Anaingia na kutoka ndani ya kurasa chache. Kwa kijana aliyezoea mashujaa wasiokufa wala kubadilika, lile lilikuwa pigo. Wasomaji wa riwaya zake watakumbuka jinsi wahusika wake wanavyokufa bila kubisha hodi. Mimi naiona mbegu yake hapo.

Nchini Marekani kwenyewe, hata hivyo, katuni za mashujaa zilihesabiwa kuwa mambo ya watoto, na hilo lilikuwa na sababu. Mwaka 1954, baada ya kelele za wazazi na wanasiasa, wachapishaji walijiwekea kanuni kali: mhalifu asionewe huruma, wema ushinde kila mara, mamlaka yasidharauliwe. Kizazi kizima kilisoma hadithi zilizopitishwa kwenye chekeche hilo, kikakua, kikaziacha.

Njia ya kurudi ilipita mahali ambapo wengi hawakupatarajia, nayo ni meza ya dadu.

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, nakala 1,000 tu kwa kuanzia. Walitoka kwenye desturi ya wapenzi wa michezo ya vita, watu wanaopanga majeshi ya vinyago juu ya meza, ila wao walimpa kila mchezaji mtu mmoja badala ya jeshi. Mwendesha mchezo anasimulia mazingira, mchezaji anasema mtu wake anafanya nini, na jambo likiwa na shaka dadu huamua. Katika mchezo huo hakuna anayemfunga mwenzake, na kinachobaki mwisho wa usiku ni hadithi iliyotungwa na watu wote waliokaa pale.

Mashujaa wa katuni walifuata upesi. Superhero 2044 ulitoka mwaka 1977. Mwaka 1979 vijana wawili, Jeff Dee na Jack Herman, walitoa Villains and Vigilantes, na humo mchezaji hakubuni mtu mgeni: alijiandika mwenyewe, kwa akili na nguvu zake halisi, kisha dadu zikamwongezea uwezo wa ajabu. Mwaka 1981 ukaja Champions, uliokuwa na jambo la busara kubwa: ukitaka nguvu zaidi, beba udhaifu zaidi. Adui anayekuwinda, siri usiyoweza kumwambia mkeo, mama mgonjwa anayekutegemea, vyote hivyo vilikuwa na bei yake kwa pointi. Mwaka 1984 kampuni ya TSR ilitoa Marvel Super Heroes, kazi ya Jeff Grubb, na mwaka uliofuata Mayfair ikatoa DC Heroes, uliomweka Superman na Batman kwenye jedwali moja la namba, ambamo kila pointi moja inayoongezeka ni maradufu ya iliyotangulia.

Mchezo huo wa Grubb naujua kwa mikono yangu. Nilikuwa nimevuka miaka 40 mpwa wangu aliponiketisha mbele yake nyumbani Tabata, kwenye meza ya chakula, sahani za ubwabwa zikiwa zimeondolewa punde tu. Akanipa karatasi ya Spider-Man, penseli, na dadu mbili za pande kumi.

"Mjomba," akasema, "leo saa kumi umeahidi kumpeleka mama mkubwa hospitali."

Mama mkubwa ni May, mke wa Ben Parker. Kwa Kiingereza anaitwa shangazi, lakini Ben alikuwa kaka mkubwa wa baba yake Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, basi mpwa wangu akatumia neno letu. Saa tisa na nusu majambazi wakavamia benki. Bila kufikiri nikawafuata. Kijana hakunikataza. Alichukua kifutio, akafuta polepole namba iliyokuwa kwenye kisanduku cha Karma katika karatasi yangu, akaandika ndogo zaidi. Katika mchezo huo Karma ni akiba: unaitumia kuongeza matokeo ya dadu pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Ukivunja ahadi kwa watu wako, inapungua. Ukiua, inafutika yote.

"Lakini nilikuwa naokoa watu!" nikalalamika.

"Najua, Mjomba. Na mama mkubwa amekaa barazani na mkoba wake, anakusubiri."

Dakika 20 baadaye nilihitaji kuzuia gari lisimwangukie mlinzi. Nikarusha dadu, zikasoma 17. Ilikuwa namba hafifu, na akiba ya kuiongezea sikuwa nayo tena.

Usiku ule niliomba kusoma tena hadithi ya kwanza ya Spider-Man, ya mwaka 1962, ambayo niliisoma utotoni kwa ajili ya utando na kuruka maghorofa. Peter anamwachia mwizi apite kwa kuwa si shughuli yake. Mwizi huyohuyo baadaye anamuua Ben. Nilipokuwa mtoto nilisoma kwamba ameuawa mjomba. Sasa nilisoma kwamba ameuawa baba mkubwa, mtu aliyemlea yatima wa mdogo wake hadi akawa kijana, na nikaelewa kwa nini Grubb aliweka kisanduku kile kwenye karatasi. Kanuni za mchezo zilikuwa zimeisoma katuni ile kwa makini kuliko mimi. Ndivyo mtu mzima anavyorudishwa na meza: hatazami tena shujaa akipigana, anadaiwa gharama ya kuwa shujaa, na anailipa yeye mwenyewe.

Martin alikaa upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha mwendesha mchezo. Waliomzunguka hawakuwa wachezaji wa kawaida. Wengi walikuwa waandishi: Milán mwenyewe, Walter Jon Williams, John Jos. Miller, na Melinda Snodgrass aliyekuwa ameacha uwakili. Weka watu wa aina hiyo mbele ya karatasi za wahusika uone. Kila mmoja alimpa shujaa wake utoto, aibu, kazi ya mchana. Martin naye alibuni maadui kwa wingi, saa ambazo angeandika vitabu zikaishia huko, mpaka akajiuliza kama juhudi zote hizo haziwezi kulisha familia zao. Wakati huo kulikuwa na mtindo wa vitabu ambavyo waandishi kadhaa wanachangia dunia moja. Wakakubaliana kuufuata, Martin akiwa mhariri na Snodgrass msaidizi wake.

Kabla ya kuandika walikosoa kile walichokipenda, na hapo ndipo utu uzima wao ulipoonekana. Katika katuni huyu ameumwa na buibui, yule amepigwa na radi, wa tatu ametoka sayari nyingine, na wote wanaishi mji mmoja bila mtu kushangaa. Wao wakataka chanzo kimoja. Kikawa kirusi kutoka anga za mbali, kinachomwagika juu ya New York tarehe 15 Septemba 1946. Kati ya watu 100 wanaokipata, 90 wanafariki. Inasemwa wamevuta karata ya Malkia Mweusi. Tisa wanageuka maumbile, na jina lao ni majokari. Mmoja tu anapata uwezo bila kuharibika, naye anaitwa ree, ile karata ya alama moja. Mfululizo wenyewe ukaitwa Wild Cards, na kitabu cha kwanza kilitolewa na wachapishaji Bantam mwaka 1987, miezi ambayo katuni ya Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons ilikuwa bado inatoka toleo baada ya toleo.

Tarehe ile ya 1946 ina deni kwa mwandishi mwenzao, Howard Waldrop. Martin alikusudia hadithi zianzie miaka ya 80. Waldrop alishikilia kwamba hadithi yake ya rubani kijana Jetboy, anayekufa akijaribu kuzuia kirusi, ni ya baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia. Ung'ang'anizi huo uliipa dunia yao miaka 40 ya historia ya kujaza, na kujaza huko ndiko kulikokifanya kitabu kiwe zaidi ya mchezo.

Chukua hadithi ya Williams iitwayo "Witness". Jack Braun, kijana wa shambani, anapata nguvu za kutisha na mwili usiopenywa na risasi. Pamoja na wenzake watatu wanaitumikia serikali. Mmoja wao ni Earl Sanderson, rubani wa vita na mpigania haki za watu Weusi. Kisha inakuja ile kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, kamati iliyokuwepo kweli, iliyowaharibia kweli waandishi na waigizaji kazi zao. Braun anaitwa mezani. Hakuna silaha mle ndani inayoweza kumjeruhi, ila anaogopa kupoteza mikataba ya filamu, nyumba na jina. Anawataja rafiki zake. Sanderson anaishia uhamishoni Paris, mwingine gerezani, mwingine hospitali ya magonjwa ya akili. Braun anabaki kijana, mzuri, asiyezeeka, na watu wanamwita ree wa Yuda. Hadithi hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Nebula. Kwangu mimi ndiyo bora katika mfululizo wote, na kanuni za 1954 zisingeiruhusu hata ukurasa mmoja.

Roger Zelazny, mwandishi aliyekuwa akiishi Santa Fe, alileta Croyd Crenson, mvulana wa shule ambaye kila akilala anaamka na umbo jingine na uwezo mwingine, mara ree, mara jokari, hivyo anauogopa usingizi na kujijaza dawa za kuuzuia. Martin naye aliandika juu ya Turtle. Ni Tom Tudbury, mwanamume mnene mwenye haya, anayesukuma vitu kwa akili yake lakini pale tu anapojihisi salama. Anajifungia ndani ya bodi ya Volkswagen iliyofunikwa vyuma na kupaa nayo, akiitazama dunia kupitia kamera na televisheni. Kwao ni Bayonne.

Mfululizo huo umezidi juzuu 25. Suicide Kings ya mwaka 2009 inaufikisha Kongo, ambako watoto wanaambukizwa kirusi kwa makusudi ili wachache watakaopona wafanywe silaha. Msomaji wa Bukavu au Goma ana haki ya kuuliza kwa nini Kongo ya waandishi wa nje huwa daima ya vita. Nauliza pia. Lakini askari watoto ni jambo ambalo katuni za senti 12 zisingethubutu kuligusa, na hapa limepewa uzito wake.

Mwaka 1989 Wild Cards ikageuzwa mchezo wa mezani na Steve Jackson Games, na mwaka 2008 ikafanyiwa hivyo tena na Green Ronin, ili wageni wakae na dadu zao pale walipoanzia kina Martin. Mwaka 1990 ilikuwa imeshachorwa kuwa katuni chini ya chapa ya Epic, na mwaka 2022 ikachorwa upya kuanzia siku ya Jetboy juu ya New York. Mchapishaji, mara zote mbili, alikuwa Marvel, kampuni ileile iliyopokea barua ya mtoto wa kuli kutoka Bayonne mwaka 1963.