MIDI: kutoka kuunganisha vinanda hadi kuchuja ujumbe

Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko Anaheim, California, Prophet-600 ya Sequential Circuits ya Marekani iliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland ya Japani. Kinanda kimoja kilipopigwa, cha pili nacho kikaitika. Washindani wawili wa sokoni walikuwa wamekubaliana lugha moja ya vyombo vya muziki, MIDI.

Wazo hilo lilisukumwa na Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits. Mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa Grammy ya ufundi, na walistahili.

Waliamua MIDI iwe ya bei nafuu: plagi ya pini 5 na kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Waya wa MIDI haubebi sauti, unabeba maagizo tu. Noti moja huhitaji baiti 3: ya kwanza husema noti ianze na kwenye chaneli ipi kati ya 16, ya pili hutaja noti yenyewe, na ya tatu hueleza imepigwa kwa nguvu gani. Zote hupita kwa takriban milisekunde 1.

Unafuu huo ulikuwa na gharama yake. Njia ni moja, kwa hiyo ujumbe hupanga foleni. Kinanda kinachopima mkandamizo wa kidole baada ya noti kulia humwaga ujumbe mfululizo, na noti za vyombo vingine zikachelewa. Isitoshe, kompyuta ikikirudishia kinanda noti kilizozituma chenyewe, kila noti hulia mara mbili. Nako kuunganisha vyombo vingi kwa mnyororo, kila kimoja kikipokea nakala kutoka tundu la THRU la kilichotangulia, huharibu umbo la ishara.

Hapo ndipo visanduku vya katikati vilipopata kazi. Vya mwanzo viligawa tu ishara moja kwenda matundu kadhaa. Mwaka 1984 Roland ilitoa MPU-401 ya kuunganisha kompyuta na vinanda, na mwaka 1985 Atari ST ikaja na matundu ya MIDI yaliyojengewa ndani. Kisha Mark of the Unicorn ikatengeneza MIDI Time Piece, yenye njia 8 za kuingia na 8 za kutoka. Kila njia ilikuwa na chaneli zake 16, jumla 128.

Visanduku vya aina hiyo vilimpa mwanamuziki mamlaka mapya. Aliweza kupeleka chaneli ya 10 kwenye mashine ya ngoma peke yake, kuzuia ujumbe wa mkandamizo, na kuacha mapigo ya saa yapite, yale 24 kwa kila noti ya robo, ili mashine zote ziende pamoja.

MIDI 2.0, iliyotangazwa mwaka 2020, imewezesha vyombo kuulizana uwezo wao. Hata hivyo, kuunganisha vyombo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuamua kipi kisikie nini, na uamuzi huo bado ni wa mwanamuziki.