Mkia wa mRNA: Vile Seli Hukata Meseji Mdogo Mdogo Hadi Inyamaze

Simama jioni moja kwa laini ya kupima majani chai huko Itumbe, utaskia kila kitu. Bei ya mbolea, siasa za Kisii na Nyamira, nani amenunua nduthi mpya na ganji ametoa wapi. Halafu lazima msee mmoja alete ile ya sindano ya korona: ati mRNA ikishaingia haitoki, ati inaandika DNA yako upya, ati madem waliodungwa hawatazaa. Ni stori za jaba, lakini si za kuchekea tu. Pengine hapo kwa laini kuna mtu ambaye mathe wake ana sukari na presha, na alikataa kudungwa juu ya hizo hizo stori.

Sasa, ukitaka kujua kama hiyo meseji inakaa milele, angalia mkia wake.

Anza na DNA. Imefungiwa ndani ya kiini cha seli, kama taito ya shamba yenye buda ameficha chini ya sanduku. Haiendi mahali. Chifu akitaka kuiona, buda anapeleka fotokopi. Seli nayo ikitaka protini fulani hutoa kopi ya kipande kimoja, na hiyo kopi ndiyo mRNA. Inatoka nje ya kiini, ribosomu inaisoma, protini inaundwa. Nyuma ya karibu kila mRNA kuna mkia wa herufi moja ikijirudia: A, A, A, A. Kwa binadamu, mkia mpya una A kama 200 hivi. Watafiti waliukuta kwa mRNA mwaka wa 1971.

Kazi ya mkia ni kushikilia uhai wa meseji. Kuna protini inaitwa PABP, hizo hujipanga juu ya mkia, kila moja ikikalia A kama 27. PABP pia hushikana na protini zilizo kwa kichwa cha mRNA, kwa hivyo meseji hujikunja ikawa kama duara na ribosomu zinapanda fiti. Lakini kuna wakataji. Kwanza kuna PAN2-PAN3, ambayo hupunguza mkia mrefu, halafu CCR4-NOT, ambayo ndiyo hufanya kazi kubwa. Zinang'oa A moja baada ya nyingine kuanzia mwisho. Mkia ukibaki mfupi sana, PABP inaachilia. Hapo kofia iliyo kwa kichwa cha mRNA inatolewa na DCP2, kisha XRN1 inaila meseji kutoka mbele. Vipande vinatumika tena kutengeneza vitu vingine. Kwisha.

Si kila mkia hukatwa kwa spidi moja, na hapa ndipo seli huonyesha ujanja wake. Meseji zingine huishi dakika chache, zingine siku nzima. Chukua malaria, ambayo watu wa milima ya Kisii wanaijua vizuri. Ukishikwa, seli zako za kinga hutoa protini inaitwa TNF, moja ya zile zinazopandisha homa. TNF kidogo inakusaidia kupigana, ikizidi inakuumiza wewe mwenyewe. Kwa hivyo meseji ya TNF ina alama ndani yake, herufi A na U zimerundikana, na protini inaitwa TTP huiona hiyo alama, inaishika na kuita CCR4-NOT ije na makasi. Mwaka wa 1996 watafiti walitoa jini ya TTP kwa panya. Manze, wale panya walikonda na viungo vyao vikavimba, kisa ni TNF kukosa wa kuizima.

Mkia mfupi pia si lazima uwe kifo. Kwa yai la mwanamke, meseji nyingi huwekwa stoo zikiwa na mkia mfupi. Hazisomwi, lakini pia hazitupwi. Yai likianza kukomaa, mkia wa meseji fulani unarefushwa na ribosomu zinaanza kuisoma. Kiinitete hutumia meseji za mama siku zake za kwanza kabla jini zake kuwaka vizuri. Kwa seli nyingi za mtu mzima mambo ni tofauti kiasi: huko mkia huamua zaidi meseji itaishi muda gani kuliko itasomwa mara ngapi.

Turudi kwa sindano. Kenya ilipokea dozi 880,460 za Moderna Agosti 2021, na Pfizer ikafuata Septemba. (Ile ya AstraZeneca iliyotangulia Machi si ya mRNA, usichanganye.) Waliounda ya Pfizer waliupimia mkia wake kwa herufi: A 30, kipande kifupi cha herufi 10 tofauti, halafu A 70. Ni mkia wa kutosha protini itengenezwe na kinga ijifunze sura ya kirusi. Meseji yenyewe haifiki kwa kiini, taito ya buda iko salama. Na seli huikata kama inavyokata zake.

Inachukua muda gani? Nyingi huisha kwa siku chache, lakini watafiti wengine walikuta mabaki kwa tezi za kwapani wiki kadhaa baadaye. Mwaka wa 2025 timu ya Warsaw ilionyesha sababu moja: makrofaji, ambazo ni seli za kinga, hutumia kimeng'enya kinaitwa TENT5A kuongezea chanjo ya Moderna mkia. Hiyo inaipa meseji muda zaidi. Haiipi umilele, juu wakataji bado wako kazini. Kama unataka kuuliza daktari kitu cha maana, uliza kuhusu moyo: chanjo hizi zimewahi kuleta uvimbe wa misuli ya moyo, mara chache sana, na zaidi kwa vijana wa kiume. Hilo ni swali halisi, na lina majibu.

Ilibaki kidogo hii mikia itengenezwe hapa kwetu. Machi 2022 Moderna ilikubaliana na serikali ya Kenya kujenga kiwanda cha chanjo za mRNA, hadi dozi milioni 500 kwa mwaka. Aprili 2024 ikasimamisha mpango, ikisema soko la chanjo za korona Afrika limeshuka.