Kutoka hema la Ardrossan hadi dishi la paani: karne ya redio za ridhaa

Muungano wa kimataifa wa vyama vya redio za ridhaa, IARU, ulizaliwa Paris Aprili 1925, na mwaka 2025 ukatimiza karne moja. Huku kwetu sikuona hata bango. Pengine ni kwa sababu wengi hatuwajui watu hawa: raia wenye leseni ya kurusha mawimbi bila malipo wala matangazo, wakizungumza na wenzao wa mbali kwa mapenzi tu. Aliyewahi kuona simu ya upepo ya kituo cha polisi anajua nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mtu wa ridhaa anaruhusiwa kukifungua chombo chake, kukiharibu na kukiunda upya.

Wenyewe kwa wenyewe, karne yao imefika wakiwa na ugomvi. Kompyuta ikiongea na kompyuta, mwenyewe akinywa chai pembeni, hiyo bado ni redio? Ugomvi huu si mpya. Babu yake alikuwepo mwaka 1921, na makazi yake yalikuwa hema lililolowa mvua huko Scotland.

Sheria ya Marekani ya 1912, iliyopitishwa miezi michache baada ya Titanic kuzama, iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na mafupi zaidi, ambayo wakubwa waliyaona makapi. Mitambo yao ilikuwa ya cheche: umeme unaruka kati ya vyuma viwili kwa kishindo, na mawimbi yanatapakaa hovyo kama maji ya ndoo iliyopinduka. Valvu za kioo zilikuwa zimeanza kuingia. Zilikuwa ghali na rahisi kuungua, lakini zilirusha wimbi moja jembamba, lililonyooka. Wazee wa cheche walizibeza.

Februari 1921 jaribio la kwanza la kusikika Uingereza kutoka Marekani lilikwenda na maji. Hakuna aliyenasa kitu. Chama cha Marekani, ARRL, kikaamua kumtuma fundi wake, Paul Godley, akasikilize mwenyewe. Waingereza walielewa kilichofichwa humo: kwamba masikio yao hayaaminiki. Si wote waliopendezwa.

Yanayofuata nayatoa zaidi kwenye ripoti ya Godley mwenyewe, iliyotoka katika jarida la QST Februari 1922, na mwamba ngoma huvutia kwake. Alivuka bahari kwa meli ya Aquitania, akaishia Ardrossan, mji wa pwani ya magharibi. Alipiga hema shambani katika upepo na mvua ya Desemba, akatandaza waya wa takriban mita 400 juu ya nguzo fupi. Ndani ya hema mlikuwa na taa ya mafuta, baridi, na mashine ya valvu 10. Kampuni ya Marconi ilimpa shahidi, D. E. Pearson, aketi naye huku visikizi vikiwa masikioni, asije mtu akasema Mmarekani kajisikilizia ndoto.

Usiku wa kuamkia 12 Desemba, ilipokaribia saa tisa, wakanasa ujumbe kamili wa maneno 12 kutoka stesheni 1BCG ya Greenwich, Connecticut. Zilikuwa pongezi kwa Godley, zikifuatwa na majina ya watu sita. Mmoja wao alikuwa Edwin Armstrong. Mashine iliyokuwa mbele ya Godley ilitumia mbinu ambayo Armstrong huyo huyo aliivumbua mwaka 1918 akiwa mwanajeshi Ufaransa. Mvumbuzi alikuwa ng'ambo moja ya bahari akipongeza, na uvumbuzi wake ng'ambo ya pili ukisikiliza.

1BCG ilikuwa stesheni ya valvu, na nyingi kati ya alizozinasa Godley zilikuwa za valvu. Cheche haikupona tena. Waingereza kadhaa nao walizisikia stesheni za Marekani wakiwa majumbani mwao, bila hema wala safari, lakini jambo hilo husimuliwa kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1923 Marekani na Ufaransa zikajibizana. Mwaka 1924 mkulima wa New Zealand, Frank Bell, akazungumza na shule ya Mill Hill, London. Baada ya vita kuu ya pili kukaja njia ya kupunguza upana wa sauti hewani, kisha transista na mashine za Kijapani. Desemba 1961 watu wa ridhaa wakarusha setilaiti yao, OSCAR 1. Mwaka 2003 mkutano wa dunia ukaacha kulazimisha mtihani wa msimbo wa Morse, na wazee wakaomboleza tena.

Kilio cha sasa kinaitwa FT8. Ni programu ya mwaka 2017, kazi ya Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya fizikia mwaka 1993, pamoja na Steven Franke. Hutuma kwa zamu za sekunde 15, na huokota ishara hafifu ambayo sikio haliwezi kuitenga na kelele. Mashine yenyewe nayo inageuka programu. Tangu 2012, kijiti cha USB cha kunasia televisheni, cha dola 20 hivi, hufanya kazi iliyohitaji sanduku zima. Huko tuendako, mezani patabaki antena na kompyuta. Mimi sioni msiba. Waliobeza valvu walisema maneno haya haya.

Msiba ni wetu. Zamani Zanzibar ilikuwa na alama yake hewani, VQ1, Tanganyika VQ3, Kenya VQ4 na Uganda VQ5. Leo 5H ya Tanzania na 5Z ya Kenya zingali zetu, lakini vijana wetu wanajua kununua simu zilizofungwa kwa gundi, hawajui kufungua kitu.

Wakati huo huo mlango uko wazi juu ya vichwa vyetu. Novemba 2018 Qatar ilirusha setilaiti ya Es'hail-2, iliyobeba mtambo wa watu wa ridhaa, QO-100, wa kwanza wa aina yake usiohama angani. Umesimama nyuzi 26 mashariki, jirani na setilaiti zinazoleta chaneli za Kiarabu. Unaifunika Afrika nzima, na dishi la kawaida la televisheni linatosha kuusikiliza.

Kurusha kunahitaji leseni, na mamlaka za mawasiliano zingefanya jema kuifanya nyepesi kwa wanafunzi. Kuanza kunahitaji kidogo zaidi ya dishi lililotupwa. Walimu wa fizikia wa Pwani na Visiwani, madishi hayo mnayo, yaokoteni.