Kutafuta Nasaba: Neno la Wazee na Daftari za Zamani

Wahenga walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Methali hii humlaumu mtu aliyeiacha asili yake kwa hiari. Lakini katika pwani ya Afrika ya Mashariki wako watu wengi ambao babu zao hawakuiacha asili yao, bali walinyang'anywa. Walikamatwa bara, wengine wangali watoto, wakauzwa pwani na kupewa majina mapya. Je, wajukuu wao wakitaka kujua walikotoka, washike njia gani? Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya leo, na yanayowafaa wao yatamfaa kila mtu atafutaye habari za ukoo wake.

Kwanza na tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 5 Juni mwaka 1873 Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Walakini majahazi mengine yaliendelea kuchukua watu kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zikiyakamata. Kuwarudisha makwao watu waliookolewa kulikuwa kugumu, kwa kuwa makwao kulikuwa mbali na njiani wangeweza kutekwa tena. Basi wengi wao walikabidhiwa wamisheni. Bagamoyo Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwako tangu mwaka 1868. Na huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wamisheni wa C.M.S. waliwapokea watu hao tangu mwaka 1875 katika mji wa Frere Town, ulioitwa kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza aliyekuja Unguja kwa shauri la mkataba ule.

Wamisheni waliandika daftari za ubatizo, za ndoa na za mazishi. Mjukuu akiliona jina la babu yake humo hufurahi sana, na ni haki yake. Lakini asidhani ya kuwa amekwisha kufika. Jina aliloandikiwa babu ni lile la ubatizo, nalo huenda halikujulikana kamwe kijijini alikozaliwa. Na akikuta neno "Mnyasa", ajue ya kuwa watu wa pwani waliwaita hivyo watu wengi wa pande za ziwa la Nyasa, ingawa wenyewe walikuwa makabila mbalimbali. Vilevile neno "Manyema" lilitumika kwa watu wengi waliotoka mashariki ya Kongo. Mwandishi aliandika alivyosikia, naye mara nyingi hakuijua lugha ya mtu aliyekuwa mbele yake.

Unguja na Pemba nako kuna daftari za namna nyingine. Mwaka 1897 sheria iliondoa hali ya utumwa katika visiwa hivyo. Mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani kuuomba, na bwana wake akaweza kulipwa fidia; kwa hiyo majina yao yaliandikwa. Lakini masuria hawakuhesabiwa pamoja na wengine katika sheria ile; walihesabiwa kama wake, na hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 1909. Basi mtu asiyemwona bibi yake katika daftari zile asiseme ya kuwa bibi huyo hakuwako. Kunyamaza kwa karatasi si ushahidi.

Hapo ndipo tunapowahitaji wazee. Wao huhifadhi mambo ambayo karani hakuyauliza: jina la utotoni, mwiko wa ukoo, wimbo wa kubembelezea mtoto, neno la lugha ya kwao ambalo bibi alilitumia alipokasirika. Pengine neno moja la namna hiyo huonyesha nchi aliyotoka kuliko daftari nzima.

Lakini neno la mzee nalo lapasa kupimwa. Katika desturi zetu mtu humwita ndugu ya baba yake "baba" pia, na mtoto wa ami yake ni "ndugu". Kwa hiyo msikilizaji aulize kwa adabu: baba yupi, aliyekuzaa au mkubwa wake? Tena majina yetu ya pwani hurudi. Juma bin Hamisi humwita mwanawe Hamisi kwa heshima ya babu, na Hamisi huyo naye humwita mwanawe Juma. Basi Juma bin Hamisi wa daftari la zamani huenda akawa babu wa yule unayemtafuta, wala si yeye mwenyewe. Na ziko jamaa zilizoficha habari ya utumwa kwa kuona aibu, zikajitafutia asili nyingine. Aibu hiyo si yao. Ni ya waliowauza.

Kuhusu miaka, wazee wengi hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, lakini walikumbuka mambo makubwa. Tufani iliyovunja mikarafuu ya Unguja ilikuwa Aprili 1872. Vita ya Maji Maji ilianza mwaka 1905. Nyota yenye mkia ilionekana mwaka 1910. Vita Kuu ya kwanza ilianza mwaka 1914, na homa kali ya mafua ilienea mwaka 1918. Mtu aliyekuwa akinyonya wakati wa tufani umri wake wajulikana. Tena na tuangalie hesabu ya mwaka wa Kiislamu, ambao ni mfupi kwa siku kama 11. Aliyehesabu miaka 66 kwa mwezi, kwa jua ana kama 64.

Kazi hii yawezekana. James Juma Mbotela, aliyetoka katika jamaa ya watumwa waliokombolewa, aliandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Wengi tunajua habari za Frere Town kwa sababu yeye alisikiliza, kisha akaandika.

Basi tuanze na wazee, kwa maana daftari huweza kungoja, lakini mzee hangoji. Tuandike maneno yao kama walivyoyasema, tusiyatengeneze. Tutaje jina la msemaji na tarehe. Kisha twende kwenye daftari. Mashahidi hawa wawili wakipatana, tushukuru. Wasipopatana, tuyaandike maneno ya wote wawili, tusimfukuze hata mmoja, ili watakaotufuata wapate mahali pa kuanzia.