Eric Ravilious

Eric William Ravilious (22 Julai 1903 – 2 Septemba 1942) alikuwa mchoraji wa rangi za maji, mchongaji wa picha za kuchapa na mpambaji wa vitabu kutoka Uingereza. Alizaliwa Acton, London, akakulia Eastbourne, mji wa pwani ya kusini uliopakana na vilima vya chokaa. Weupe wa vilima hivyo ulimfuata katika kazi zake.

Mwaka 1922 alijiunga na Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, akafundishwa na Paul Nash na kupata rafiki wa kudumu, Edward Bawden. Mwaka 1930 alimwoa Tirzah Garwood, naye msanii hodari. Wakajaliwa watoto watatu.

Jina lake lilianza kujulikana kwa picha za vitabuni zilizochongwa kwenye ubao. Kazi hiyo ni kinyume cha kalamu: wino hushika pale ubao ulipoachwa mzima, na palipochongwa hubaki peupe. Kila mkato wa patasi huingiza mwanga. Picha yake ya mabwana wenye kofia ndefu wakicheza kriketi ilianza kupamba jalada la Wisden, kitabu cha kriketi cha kila mwaka, mwaka 1938. Kampuni ya Wedgwood nayo ilimpa kazi ya kupamba vyombo, kikiwemo kikombe cha alfabeti cha 1937.

Aliposhika brashi, mkono ulibaki wa mchongaji. Alipaka rangi kidogo, kwa mistari myembamba iliyopishana, na kuiacha karatasi yenyewe ing'ae katikati yake. Katika picha yake mashuhuri ya treni tunaona behewa la daraja la tatu: viti vya kitambaa chenye nakshi, namba 3 mlangoni, na nje ya dirisha, farasi mkubwa mweupe wa Westbury aliyechongwa ubavuni mwa kilima. Abiria hayumo hata mmoja.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza aliteuliwa kuwa mchoraji rasmi wa vita. Alisafiri na meli za kivita hadi Norwei mwaka 1940, kisha akachora maisha ya mabaharia ndani ya nyambizi.

Septemba 1942, akiwa Iceland, alipanda ndege iliyokwenda kutafuta nyingine iliyopotea. Nayo haikurudi. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Mkusanyiko mkubwa wa michoro yake umehifadhiwa katika jumba la sanaa la Towner, mjini Eastbourne.