Yule mwanafunzi kando ya kitanda cha mwanao, ametoka wapi? (Sehemu ya 4)

Leo nalipa deni. Mama mmoja aliniuliza wiki iliyopita: "Sista, kila nikimpeleka mtoto mazoezi ya viungo nakuta mwanafunzi. Mwanangu ndiyo wa kujifunzia?" Swali zito hilo, na kumjibu "ndiyo utaratibu" ni kumkosea heshima. Jibu lake lina miaka zaidi ya 160, twende nalo taratibu.

Tuanzie London, mwaka 1860, hospitali ya St Thomas'. Florence Nightingale alikuwa na pesa walizochanga watu kutokana na vita vya Crimea, akazitumia kuanzisha shule ya wauguzi. Waliingia wanawake 15 tu. Walikaa pale mwaka mzima, wakifanya kazi wodini chini ya masista wa wodi, na kila mwezi karatasi ya kila mmoja ilijazwa: usafi, kuwahi, ukimya, uaminifu, kusafisha vidonda, mpaka kubandika ruba (ndiyo, wale wadudu wanaonyonya damu, walikuwa dawa enzi hizo!). Ukimwona mwanafunzi anakimbia na kitabu chake akitafuta wa kumsainia, ujue babu wa kitabu kile ni karatasi ile. Maana yake ilikuwa rahisi: anayejifunza amguse mgonjwa, ila asimguse peke yake gizani. Awepo wa kumwona na wa kumjibia.

Sasa tiba ya viungo, ambayo wengi mnaijua kama fiziotherapia. Hii ilianza kwa aibu kidogo. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza liliandika kwamba baadhi ya nyumba za kukanda mwili pale London zilikuwa danguro zenye kibao kizuri mlangoni. Wauguzi waliokanda wagonjwa kihalali wakapakwa tope lile lile. Wanne kati yao, Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer, hawakunyamaza. Mwaka huo huo walianzisha chama cha wakandaji waliosomea, wakaweka mitihani, na wakaweka masharti: humkandi mtu bila agizo la daktari, huuzi dawa, hujitangazi ovyo. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia cha Uingereza, chenye hati ya kifalme tangu 1920. Rosalind Paget huyo huyo alikuwa mkunga, na alipigania sheria ya wakunga iliyopita Uingereza mwaka 1902. Nampenda sana huyu mama, siku moja nitampa posti yake.

Vita Kuu ya Kwanza ikaleta majeruhi wengi kuliko mikono. Marekani mwaka 1918 walifundisha wanawake kwa miezi michache, Mary McMillan akiwa mmoja wa walimu wao pale Reed College, halafu wakapelekwa kwa askari waliovunjika. Darasa lilikuwa fupi, hivyo mengi waliyamalizia mbele ya mgonjwa.

Kwetu Tanzania, hospitali ya KCMC Moshi ilifunguliwa 1971, na mwaka 1981 kikaanza pale chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Mguu bandia huwezi kuusomea kitabuni ukamaliza. Lazima uguse kisiki cha mtu, umwone akiuvaa, akuambie unambana wapi.

Na hapa ndipo mtoto wako anapoingia. Chukua mtoto aliyezaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Njia ya Dk. Ignacio Ponseti wa Iowa ni kunyoosha mguu polepole kwa mkono na kuufunga hogo, kila wiki jipya, mara tano au sita hivi. Wengi huhitaji kukatwa kidogo mshipa wa kisigino, kisha viatu vya chuma kwa miaka kadhaa, mwishoni usiku tu. Mmoja anaushika mguu, mwingine anafunga. Yule anayeshika leo ndiye atakayefunga mwakani, labda kwenye hospitali ya wilaya yenu ambako leo hakuna hata mmoja anayejua.

Nikiwa mafunzo kwa vitendo, nyie mnaita fildi, wiki mbili za kwanza nilisimama ukutani. Niliogopa kuuliza, nikasainiwa vitu nilivyoviona kwa mbali. Mpaka leo inaniuma. Kilichoniokoa ni sista mmoja aliyeniambia nichague mgonjwa mmoja nimfuate mpaka aruhusiwe. Hiyo ndiyo namwambia kila mwanafunzi: jitambulishe kwa mama, mfuate mtoto mmoja tangu hogo la kwanza, na usipojua sema sijui, muite mkubwa wako.

Na wewe mama, una haki ya kuuliza: "Wewe ni mwanafunzi? Anayekusimamia yuko wapi?" Asipokuwepo, mwambie utasubiri. Una haki ya kukataa pia, na mtoto atahudumiwa vile vile. Ila ukikubali, mtumie. Mwombe arudie zoezi mbele yako, kisha ufanye wewe naye akuangalie. Wanafunzi wana muda ambao sisi hatuna.

Kuna mama alikataa katakata wiki ya kwanza. Wiki ya tatu, yule binti aliyekataliwa alipita tu kusalimia, akaona vidole vya mtoto vimevimba na vimebadilika rangi juu ya hogo. Akakimbia kumwita mkubwa wake, hogo likafunguliwa saa ile ile. Wiki ya nne mama alifika mapema, akamuulizia kwa jina.