Wanawake katika Jumuiya za Programu Huria

Programu huria ni zile programu za kompyuta ambazo maandishi yake ya asili huwekwa wazi, kila mtu akapewa ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Kwa sharti hilo hudhaniwa kwamba mlango wake haumbagui mwanamume wala mwanamke. Historia yake yaonyesha vingine. Uchunguzi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, ukatolewa mwaka wa 2006, ulikadiria kuwa wanawake walikuwa kiasi cha 1.5 tu katika kila mia ya washiriki, hali katika kazi ya programu zisizo huria walikuwa 28 katika mia.

Wanawake wenyewe walikuwa wamekwisha kulitambua jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Deb Richardson aliunda LinuxChix, chama chenye kanuni mbili: adabu na kusaidiana. Mwaka wa 2002 Val Henson, aliyejulikana baadaye kwa jina la Valerie Aurora, alitunga mwongozo wa kuwashauri wanaume waache mizaha ya kuwadharau wanawake, wala wasimpokonye kibodi mwanamke anayejifunza. Mwaka wa 2004 kikafuata kikundi cha Debian Women.

Wako waliojibu kuwa wanawake hawana hamu na kazi hiyo. Hoja hiyo ilijaribiwa mwaka wa 2006 katika mradi wa GNOME. Mradi huo ulipokea maombi 181 ya wanafunzi waliotaka kazi ya likizo kwa malipo ya Google. Hata moja halikutoka kwa mwanamke. Hapo Hanna Wallach na Chris Ball wakatangaza nafasi za wanawake peke yao. Yakaja maombi zaidi ya 100, na sita wakachukuliwa. Mradi ulikuwa ule ule, na majira yale yale. Kilichobadilika ni mwaliko.

Mpango huo ulifufuliwa mwaka wa 2010, ukaingia katika miradi mingine, na mwaka wa 2015 ukaitwa Outreachy, ukiwapokea pia watu wa makundi mengine yaliyokuwa machache katika kazi hiyo.

Basi hamu haikukosekana. Mswahili aujuaye ustaarabu haingii nyumba ya watu kwa kuwa mlango u wazi; hupiga hodi, akangoja karibu. Waliojenga jumuiya hizo waliacha mlango wazi, wakadhani kuwa wamekwisha kukaribisha.